Kwa nini katiba ya Ulaya ilikataliwa, na tunachopaswa kudai sisi wa Kanda ya Ziwa

Mhariri,

Kila mjadala wa konfederesheni ya kisiasa ya Afrika Mashariki (muungano ambao kila nchi hubaki dola kamili lakini hukabidhi baadhi ya mambo kwa vyombo vya pamoja) unapoibuka, iwe redioni, kwenye semina au kwenye vijiwe vya kahawa pale Mwaloni Kirumba, hakosekani mtu wa kuuliza: "Mbona Ulaya wameweza?" Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo swali hilo linaliruka. Ulaya waliandika katiba moja ya umoja wao, viongozi wakaisaini mbele ya kamera, kisha wananchi wakaikataa kwenye masanduku ya kura. Na walioikataa hawakuwa wageni katika umoja huo. Walikuwa Wafaransa na Waholanzi, mataifa mawili kati ya sita yaliyousimika kwa Mkataba wa Roma wa 1957.

Sababu zao zilichunguzwa na zinajulikana. Nikizitazama nikiwa hapa Mwanza, naona karibu zote zinaweza kujirudia kwetu, na nyingi zinazuilika iwapo tutaanza kuzisemea sasa, kabla rasimu ya katiba ya konfederesheni yetu haijafungwa.

Kwanza mambo yalivyokwenda. Desemba 2001 wakuu wa nchi za Umoja wa Ulaya walikutana Laeken, Ubelgiji, wakaamua kuitisha baraza maalumu la kuandaa mageuzi. Baraza hilo la wajumbe 105 lilianza kazi Februari 2002 chini ya Valéry Giscard d'Estaing, rais wa zamani wa Ufaransa, na likamaliza Julai 2003. Wajumbe waliteuliwa na serikali, mabunge ya nchi, Bunge la Ulaya na Kamisheni ya Ulaya, yaani chombo cha utendaji cha umoja huo. Hakuna hata mmoja aliyechaguliwa na wananchi kwa kazi hiyo mahususi. Desemba 2003 mkutano wa wakuu wa nchi ulivunjika mjini Brussels kwa sababu Hispania na Poland hazikukubali uzito wa kura zao upunguzwe. Hesabu zikapangwa upya, na tarehe 29 Oktoba 2004 nchi 25 zikaisaini mjini Roma, kisheria ikiwa ni mkataba unaoweka Katiba ya Ulaya. Kila nchi ikaachiwa iamue yenyewe namna ya kuridhia, bungeni au kwa kura ya maoni.

Lithuania iliwahi kuliko wote, ikaridhia bungeni Novemba 2004. Hispania ikapiga kura ya maoni tarehe 20 Februari 2005: asilimia 77 hivi walisema ndiyo, ingawa waliojitokeza walikuwa asilimia 42 tu ya wapiga kura, na hiyo pekee ilipaswa kuwashtua wakubwa. Ikaja Ufaransa tarehe 29 Mei 2005. Asilimia 54.67 walisema hapana, na waliojitokeza walikaribia asilimia 70. Siku tatu baadaye, tarehe 1 Juni, Waholanzi wakasema hapana kwa asilimia 61.5.

Sasa tuifungue hati yenyewe, maana kasoro kubwa ilikuwa ndani ya karatasi kabla haijafika kwa mpiga kura. Ilikuwa na ibara 448 katika sehemu nne. Sehemu ya kwanza, ibara 60, ilieleza umoja ni nini, una vyombo gani na mamlaka gani. Ya pili, ibara 54, ilikuwa haki za msingi za raia. Ya nne, ibara 12, ilihusu namna ya kuanza kutumika na kurekebishwa. Ukijumlisha sehemu hizo tatu unapata ibara 126, urefu ambao mtu aliyemaliza sekondari anaweza kuusoma kwa jioni mbili tatu na kuuelewa. Ibara 322 zilizobaki zote zilikuwa sehemu ya tatu, nayo ilikuwa sera: kilimo, uvuvi, usafirishaji, ushindani wa kibiashara, benki kuu, ruzuku, forodha. Mwishoni zikaambatishwa itifaki 36, yaani makubaliano ya nyongeza.

Sehemu ya tatu haikuwa na mapya mengi. Kwa kiasi kikubwa ilikusanya mikataba iliyokuwa ikitumika tangu 1957. Watetezi walilirudia hilo wakidhani litawatuliza watu, nalo likazaa swali gumu zaidi: kama ni sheria za kawaida za uchumi, kwa nini zinaingizwa kwenye katiba? Sera ya uchumi hubadilika kila serikali inapobadilika, lakini katiba hii ingebadilishwa tu kwa nchi zote 25 kukubaliana. Raia wa Ufaransa asiyependa sera ya ushindani wa soko huria angeweza kuiondoa serikali yake madarakani, lakini sera ile asingeigusa. Kuandika sera ndani ya katiba ni sawa na kuandika bei ya dagaa kwenye hati ya kiwanja.

Kwa wanaodhani hilo ni tatizo la Wazungu, watazame ushuru wetu wa forodha. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza tarehe 1 Januari 2005, bidhaa kutoka nje ya jumuiya ziliwekewa viwango vitatu: asilimia 0 kwa malighafi na mitambo, 10 kwa bidhaa za kati na 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Baada ya miaka 17 ikaonekana viwanda vya ndani havilindwi vya kutosha, na kuanzia Julai 2022 kikaongezwa kiwango cha nne cha asilimia 35. Sasa fikiria viwango vile vitatu vingekuwa ndani ya katiba ya konfederesheni. Kukiongeza hicho cha nne kungehitaji marekebisho ya katiba, na nchi moja yenye waagizaji wakubwa wa bidhaa ingetosha kuyazuia. Itifaki huweza kubadilishwa na mawaziri na wakuu wa nchi wakikaa mezani. Kwa sababu hiyo viwango vya ushuru, ukubwa wa matundu ya nyavu, kima cha sangara anayeruhusiwa kuvuliwa na mambo ya namna hiyo yabaki kwenye itifaki na kanuni, yasiguse katiba.

Turudi Ufaransa. Serikali ilituma kijitabu chenye maandishi yote ya mkataba kwa kila mpiga kura. Hatua hiyo ilikuwa ya haki, nami naiunga mkono kwa moyo wote, ila ilitumwa kwa watu waliokuwa wameambiwa kwamba hati ni rahisi na nzuri. Walipoifungua wakakutana na sehemu ya tatu. Vyama, vikundi vya walimu na vyama vya wafanyakazi vikaitisha mikutano ya kuisoma ibara kwa ibara, na kampeni ya hapana ikajengwa juu ya usomaji huo. Hata Chama cha Kisoshalisti, ambacho wanachama wake walipiga kura ya ndani Desemba 2004 na wengi wakaunga mkono, kilipasuka. Laurent Fabius, aliyewahi kuwa waziri mkuu, akasimama upande wa hapana.

Juu ya hayo kulikuwa na rasimu ya agizo la huduma (agizo ni sheria ya Ulaya ambayo kila nchi huiingiza kwenye sheria zake), maarufu kwa jina la Kamishna Frits Bolkestein, iliyotolewa mwanzoni mwa 2004. Ilipendekeza kwamba mtoa huduma kutoka nchi moja anayefanya kazi katika nchi nyingine afuate sheria za nchi alikotoka. Nchi kumi zilikuwa zimejiunga tarehe 1 Mei 2004, nyingi zikiwa na mishahara ya chini, na ukosefu wa ajira Ufaransa ulikuwa karibu asilimia 10. Fundi bomba kutoka Poland, mfano wa mfanyakazi wa bei nafuu aliyehofiwa kuchukua ajira, akawa gumzo la taifa zima. Kisheria agizo lile halikuwa sehemu ya katiba. Lakini mpiga kura alikuwa akiulizwa kama anauamini mfumo unaoweza kuzaa maagizo ya aina hiyo, na kwangu jibu lake lilikuwa la mtu mwenye akili timamu. Agizo hilo lilipitishwa 2006 baada ya kanuni yenyewe ya sheria za nchi ya asili kuondolewa. Bila kura ya hapana, sidhani kama ingeondolewa kwa wepesi ule.

Yapo maelezo yanayopendwa sana: kwamba Wafaransa walikuwa wakimwadhibu tu Rais Jacques Chirac. Uchunguzi wa maoni uliofanywa kwa niaba ya Kamisheni ya Ulaya mara baada ya kura hauungi mkono hilo kwa kiasi kinachosemwa. Kati ya waliosema hapana, asilimia 31 walitaja madhara kwa ajira na asilimia 26 hali mbaya ya uchumi. Waliotaja kumpinga rais au serikali walikuwa asilimia 18. Kujiunga kwa Uturuki, ambako magazeti mengi yalikutangaza kuwa ndiyo sababu kubwa, kulitajwa na asilimia 6. La kuzingatia zaidi ni kwamba asilimia 88 ya waliohojiwa Ufaransa walisema kuwa ndani ya Umoja wa Ulaya ni jambo jema. Uholanzi walikuwa asilimia 82. Watu waliupenda umoja, wakaikataa hati. Anayeshindwa kutenganisha mambo hayo mawili atawaita wapinzani wa rasimu maadui wa umoja, na hapo mazungumzo yamekwisha.

Uholanzi sababu iliyoongoza ilikuwa tofauti kabisa: asilimia 32 ya waliokataa walisema hawakupata taarifa za kutosha. Ile ilikuwa kura ya maoni ya kwanza ya kitaifa katika historia ya sasa ya nchi hiyo, na serikali ya Jan Peter Balkenende ilichelewa kuingia uwanjani. Asilimia 19 walihofia nchi yao kupoteza mamlaka. Wengine walilalamikia gharama, maana Uholanzi ilikuwa miongoni mwa wachangiaji wakubwa kwa kila kichwa, na wengi waliamini bei zilipanda tangu noti za euro zilipoingia mikononi Januari 2002. Serikali ilipoona upepo umegeuka ikaanza kutisha watu. Waziri wa uchumi alisema wakikataa taa zitazimika. Waziri wa sheria akaitaja Yugoslavia na hatari ya vita. Vitisho vile viliwaudhi hata waliokuwa hawajaamua. Mtu anayeuliza mchango wa nchi yake ni kiasi gani anataka tarakimu, na ukimjibu kwa vita anaelewa kwamba tarakimu huna au unaificha.

Angalia pia pengo kati ya wawakilishi na wanaowakilishwa. Tarehe 28 Februari 2005 wabunge na maseneta wa Ufaransa walikutana Versailles kurekebisha katiba ya nchi ili mkataba upate njia: 730 waliunga mkono, 66 walipinga. Miezi mitatu baadaye wananchi wakageuza hesabu hiyo. Uholanzi nako zaidi ya robo tatu ya wabunge waliunga mkono hati ambayo zaidi ya nusu ya wapiga kura waliikataa. Kwa hiyo bunge likiridhia kwa kishindo, isichukuliwe moja kwa moja kuwa mitaani watu wameridhia.

Kasoro nyingine ambayo haisemwi sana ni kwamba hapakuwa na utaratibu wa nini kifanyike nchi ikisema hapana. Mkataba ulitaka kila nchi iridhie, na ulitarajiwa kuanza tarehe 1 Novemba 2006. Kulikuwa na tamko tu, namba 30, lililosema kama miaka miwili itapita na nchi nne kwa kila tano zimeridhia huku nyingine zikikwama, wakuu wa nchi watalijadili suala hilo. Watalijadili na kuamua nini? Hapakuandikwa. Baada ya Mei na Juni 2005 wakatangaza kipindi cha tafakari. Luxembourg ikaendelea na kura yake Julai na ikasema ndiyo kwa asilimia 56.5, lakini Uingereza, Denmark, Ayalandi na wengine wakaahirisha zao. Nchi zilizokwisha kuridhia zikabaki na hati isiyo na kazi.

Kilichofuata kinapaswa kutuuma sisi tunaothamini kura. Desemba 2007 ulisainiwa Mkataba wa Lisbon. Neno katiba likaondolewa, bendera na wimbo vikafutwa kwenye maandishi, waziri wa mambo ya nje akapewa cheo cha jina jingine. Mambo mengi ya msingi yalibaki, na Giscard d'Estaing mwenyewe aliandika kwamba zana ni zilezile, mpangilio wake tu ndio umebadilika. Ufaransa iliuridhia bungeni Februari 2008, na Uholanzi nayo haikuwarudia wananchi wake. Ayalandi pekee ndiyo ilipiga kura ya maoni, kwa kuwa katiba yake inaibana: Juni 2008 ikasema hapana kwa asilimia 53.4. Ikapewa dhamana kuhusu kodi, kutofungamana kijeshi na kubaki na kamishna wake, ikapiga kura tena Oktoba 2009, safari hii ndiyo kwa asilimia 67.1. Mkataba ukaanza tarehe 1 Desemba 2009. Zipo hoja za kisheria za kutetea njia ile, lakini mwananchi wa Ufaransa aliyesema hapana 2005 alijifunza kwamba jibu lake lilikuwa la muda. Imani ya namna hiyo ikishavunjika, hairudishwi na kifungu chochote cha mkataba.

Sasa kwetu. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999, katika ibara ya 5, unataja hatua nne: umoja wa forodha, soko la pamoja, umoja wa fedha, na mwisho shirikisho la kisiasa. Mwaka 2004 kamati iliyoongozwa na Amos Wako, Mwanasheria Mkuu wa Kenya wakati huo, ilipendekeza namna ya kuharakisha shirikisho hilo. Wananchi wa Tanzania walipoulizwa 2006 na 2007, kupitia kamati ya Profesa Samuel Wangwe, wengi walikataa kuharakishwa, wakataja ardhi na ajira. Sauti ile haikupotea bure: ibara ya 15 ya Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyosainiwa Novemba 2009, inaacha upatikanaji na matumizi ya ardhi chini ya sera na sheria za kila nchi. Ndiyo faida ya kukataa kwa kutaja kitu mahususi.

Mei 2017 wakuu wa nchi walikubaliana kuanza na konfederesheni kama hatua ya mpito. Kamati ya wataalamu ya kuandaa rasimu ya katiba, chini ya Jaji Mkuu mstaafu wa Uganda, Benjamin Odoki, ilianza kukusanya maoni Burundi mwaka 2020, kisha Uganda na Kenya. Wanachama sasa ni wanane, tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipoingia 2022 na Somalia 2024.

Ng'ambo ya pili ya ziwa letu wanao uzoefu wa karibu. Mwaka uleule wa 2005, tarehe 21 Novemba, Wakenya waliikataa rasimu yao ya katiba kwa asilimia 58. Ndizi ilikuwa alama ya ndiyo na chungwa alama ya hapana, na Kisumu chungwa lilitia fora. Miaka mitano baadaye walipiga kura tena, tarehe 4 Agosti 2010, juu ya hati iliyoandikwa upya, nayo ikapita kwa theluthi mbili. Mfano huo naupenda kuliko wa Lisbon: hati ilirudi kufanyiwa kazi, ikaletwa tena kwa waliokataa.

Rasimu ya konfederesheni ikitoka, nashauri isomwe kuanzia nyuma. Sehemu ya mwisho ndiyo inayosema itaanza kutumika lini, nchi ngapi zikiridhia, itarekebishwaje na mtu anatokaje. Kwenye Mkataba wa sasa, ibara ya 145 inaruhusu nchi kujitoa kama bunge lake litaamua kwa theluthi mbili na kutoa taarifa ya maandishi ya miezi 12. Angalia kama rasimu inalibakiza hilo. Katiba ya Ulaya nayo ilikuwa na ibara ya kujitoa, namba I-60, ikahamia Mkataba wa Lisbon kama ibara ya 50, na ndiyo Uingereza ilitokea humo mwaka 2020. Wapo wanaodhani mlango wa kutokea hudhoofisha umoja. Jumuiya ya kwanza, ya 1967, ilivunjika 1977, na mgawanyo wa mali ulikamilika 1984 baada ya usuluhishi mrefu. Meli za reli ziligawanyika hapahapa ziwani: MV Victoria na MV Umoja zikabaki Tanzania, MV Uhuru Kenya. Afadhali utaratibu uandikwe mapema watu wakiwa bado wanaelewana.

Ukitoka hapo, tafuta ibara ya ukuu wa sheria. Ya Ulaya ilikuwa I-6. Kwetu ibara ya 8(4) ya Mkataba inasema tayari kwamba sheria na vyombo vya Jumuiya vina nguvu kuliko vya nchi katika mambo yanayohusu utekelezaji wa Mkataba. Swali ni kwamba mambo hayo sasa yataongezeka kiasi gani, kwa hiyo ibara hiyo lazima isomwe pamoja na orodha ya mamlaka ya konfederesheni. Orodha ikisema "na mambo mengine yanayohusiana na hayo", weka alama ya kalamu nyekundu. Maneno hayo hayana mwisho.

Kisha kura. Ulaya waligombana zaidi hapa kuliko penginepo, wakafikia kanuni kwamba uamuzi upite kwa asilimia 55 ya nchi, zisizopungua 15, zenye asilimia 65 ya watu. Sisi leo wakuu wa nchi huamua kwa makubaliano ya wote, na Bunge la Afrika Mashariki lina wabunge tisa wa kuchaguliwa kutoka kila nchi, wanaochaguliwa na mabunge badala ya wananchi. Burundi na Kongo zina viti sawa. Je, rasimu itabakiza hivyo? Ikihamia kura za wingi, wingi wa nchi au wa watu? Jibu lolote lina anayeumia, na asifichwe.

Na kwa watu wa mwalo lipo la ziada. Ziwa linagawanywa na nchi tatu, Tanzania ikiwa na karibu nusu. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lipo Jinja kwa mkataba wa 1994, na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ipo Kisumu. Vyombo hivyo huratibu. Leseni hutolewa na kila nchi na doria ni ya kila nchi. Ndiyo maana mashua ikivuka mpaka usioonekana majini inakamatwa na injini inazuiwa, na ndiyo maana kisiwa kidogo cha Migingo kimezigombanisha Kenya na Uganda miaka yote hii. Rasimu iseme wazi: uvuvi ni suala la konfederesheni au la nchi? Ikiwa ni la konfederesheni, leseni ya Mwanza itatambuliwa Port Victoria? Mvuvi aliyekamatwa atashitakiwa mahakama ya wapi, kwa lugha gani, na chombo chake atakishika nani kesi ikiendelea? Mchuuzi wa dagaa anayepitia Sirari au Mutukula leo hutumia cheti rahisi cha uasili, kinachothibitisha kuwa bidhaa imetoka ndani ya jumuiya, kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000. Aulize kama nafuu hiyo italindwa kwenye itifaki.

Maoni yatolewe kwa namna ambayo mwandishi wa sheria anaweza kuyatumia. "Ardhi yetu isiguswe" ni kilio cha kweli, lakini katibu wa kamati hana pa kukiweka. Andika namba ya ibara, nukuu maneno yalivyo, andika maneno unayotaka badala yake, kisha sababu kwa sentensi mbili. Ukurasa mmoja kwa ibara moja. Kikundi cha usimamizi wa mwalo, chama cha wachuuzi au mtaa ukitoa maoni, ambatisha muhtasari wa kikao na orodha ya mahudhurio iliyosainiwa, maana maoni ya watu 60 yakipelekwa bila orodha huhesabiwa kuwa ya mtu mmoja. Toa nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa ubaki nayo.

Kwa wanaosimamia zoezi hili, nina madai machache. Rasimu itolewe kwa Kiswahili siku ileile inapotolewa kwa Kiingereza, na zote mbili ziwe na nguvu sawa kisheria. Ibara ya 137 ya Mkataba iliitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi, lakini wakuu wa nchi wamekwisha kukubali Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi, kwa hiyo kisingizio hakipo. Wananchi wapewe siku zisizopungua 90 kati ya kutolewa kwa maandishi ya mwisho na uamuzi. Sera za uchumi zitolewe kwenye katiba. Gharama zitajwe kwa shilingi: mchango wa kila nchi, mishahara ya vyombo vipya, na kinachotokea nchi isipolipa, maana malimbikizo ya michango yamekuwa kilio cha makao makuu ya Jumuiya, Arusha, kwa miaka. Utaratibu wa nchi kusema hapana uandikwe kabla ya kura ya kwanza kupigwa.

Kuhusu kura ya maoni yenyewe, Tanzania Bara haijawahi kupiga kura ya aina hiyo. Ile ya Katiba Inayopendekezwa iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa. Zanzibar waliipiga Julai 2010. Kama itaamuliwa ipigwe, swali lisiwe moja kwa kila kitu. Mfaransa aliulizwa kama anaridhia muswada wa sheria unaoruhusu kuridhiwa kwa mkataba unaoweka Katiba ya Ulaya, akapewa karatasi mbili, ndiyo na hapana, kwa ibara 448. Aliyependa haki za sehemu ya pili na kuchukia sera za sehemu ya tatu hakuwa na karatasi yake. Yanawezekana maswali mawili au matatu kwenye karatasi moja: kuingia konfederesheni, kukabidhi mambo ya nje na ulinzi, kukabidhi fedha.

Kwako Mhariri, naomba gazeti litenge ukurasa mmoja kila wiki kuchapisha rasimu kwa mfululizo itakapotoka, kwa kuanza na masharti ya mwisho, na barua za wasomaji ziwekwe chini ya ibara zinazohusika. Na wasomaji wanaotuma maoni kwa kamati wapeleke nakala kwa wabunge wao wa Nyamagana, Ilemela, Sengerema, Ukerewe na kwingineko, kwa kuwa chini ya ibara ya 63(3)(e) ya Katiba ya 1977, Bunge ndilo litakaloridhia mkataba huo au kuukataa.

Mwalimu wa Uraia,
Ilemela, Mwanza